Shemeji, Upepo Unaelekea Wapi?

Najua nimepotea. Toka mwezi wa pili sijaandika kitu hapa, na wengine mmeniulizia mkidhani nimedisko. Sijadisko jamani. Nipo, bweni ni lile lile, mwenzangu wa chumbani bado anakoroma kama trekta, na maharage ya kantini bado yana mchuzi mwingi kuliko maharage yenyewe. Nilikuwa na jambo la nyumbani. Nimejaribu kuliandika mara tatu nikafuta. Leo naliandika hivyo hivyo lilivyo, nikikosea mtanivumilia.

Kwanza habari njema: nimekuwa mjomba.

Mwezi wa tatu mwanzoni, saa kumi na moja alfajiri, simu ikaita. Mama. Ukiona mama kapiga saa hizo unaanza kuhesabu wazee wa ukoo kabla hujapokea. "Mwanangu, dada yako kajifungua." Nikasema ashukuriwe Mungu. Halafu nikaanza kuhesabu kwa vidole pale kitandani, hesabu ikakataa. Ilikuwa bado mwezi mzima na zaidi. Nikamuuliza mama mtoto ana kilo ngapi. Akanyamaza kidogo. "Kilo mbili na gramu mia. Wamemweka kifuani kwa mama yake, wanasema asitolewe."

Wiki 35. Kwa wasiojua, mtoto akizaliwa kabla ya wiki 37 anaitwa njiti, na akiwa chini ya kilo 2 na nusu anahesabiwa ana uzito pungufu. Mpwa wangu alikuwa na vyote viwili.

Nilikopa nauli kwa jamaa wa chumba cha tatu (bumu lilikuwa halijaingia, si mnajua tena), saa mbili nikawa Msamvu. Basi likakata Mikumi, Ruaha Mbuyuni wale wauza vitunguu wakatukimbilia madirishani kama kawaida, tukapanda Kitonga taratibu nyuma ya malori. Kwetu ni huko juu upande wa Ilula. Ukipita hiyo barabara lazima umeona matenga ya nyanya yamepangwa pembeni. Nyanya ndiyo shule kwetu, ndiyo bati, ndiyo mahari. Kompyuta ninayoandikia hapa ni matenga ya shemeji yangu, mume wa dada, ambaye alisema mwanachuo hawezi kuwa anaomba omba kompyuta kwa watu.

Hospitali nilimkuta dada amejilaza, mtoto kafungwa kwa kanga kifuani kwake, ngozi kwa ngozi, kichwa kina kofia ya sufu. Hiyo njia wanaiita kangaroo, ilianzia Bogotá kule Kolombia mwaka 1978 kwa sababu mashine za kutunzia njiti zilikuwa hazitoshi. Mwili wa mama ndio unakuwa mashine. Nikachungulia. Jamani, mtoto mdogo! Sikio lake lilikuwa kama kipande cha karatasi kilicholowa. Nikaogopa hata kumgusa.

Shemeji alikuwa kakaa kwenye benchi nje, kofia mkononi. Nilipomkumbatia nikasikia ile harufu kwenye koti lake. Yeyote aliyekulia kwenye nyanya anaijua, kali halafu kama vitunguu saumu vilivyooza. Alitoka shambani moja kwa moja usiku ule.

Dada akasubiri mama atoke kwenda kuchukua uji. Halafu akaniuliza, wala hakuninong'oneza: "Mdogo wangu, we si ndo unasomea mambo ya kilimo? Hebu niambie ukweli. Ni zile dawa?"

Wadau, hapo ndipo ilipo stori yenyewe.

Turudi nyuma hadi mwezi wa nane, likizo ndefu. Nilikuwa nimemaliza mwaka wa pili, najiona mtaalamu. Shemeji alikuwa na ekari moja na nusu ya nyanya za kumwagilia na kantangaze ilikuwa imeingia. Huyu kantangaze ni nondo mdogo tu, asili yake Amerika ya Kusini, Tanzania alionekana mwaka 2014 kule Arusha upande wa Ngarenanyuki. Kiwavi wake hakai juu ya jani, anajichimbia ndani kati ya ngozi mbili za jani, kwa hiyo dawa ya kugusa haimpati vizuri. Jina lenyewe watu wanasema ni kwa sababu akishaingia shambani kwako, habari zako zinatangazwa, umefilisika.

Shemeji akaniita tukaa kwenye mzizi wa mti. "Shemeji, we msomi. Nifanyeje?" Na mimi, bila kwenda kuhesabu wadudu, bila mtego hata mmoja, nikatoa ushauri. Nikamwambia achanganye profenofosi ya wadudu na mankozebu ya bakajani kwenye solo moja, apige kila baada ya siku tano badala ya kila wiki. Akaniuliza zina madhara? Nikachukua chupa nikamwonyesha zile rangi za chini ya lebo. "Unaona? Hii ya njano ni ya wastani tu, na hii ya kijani haina shida kabisa. Nyekundu ndiyo ya kuogopa." Alifurahi. Alinichinjia jogoo.

Dada wakati ule alikuwa tayari ana mimba ya kama wiki sita. Hakuna aliyejua, hata yeye.

Sasa ngoja niwachoree nyumba yao. Jiko la nje lipo, kisha kamba ya nguo, kisha hatua kama ishirini, kisha mstari wa kwanza wa nyanya. Mchana upepo unatoka shambani kuja nyumbani. Shemeji alikuwa anapenda kupiga dawa saa tisa alasiri akishapumzika. Pipa la kuchanganyia lilikuwa pembeni ya jiko kwa sababu ndiko maji yaliko. Solo na chupa zilikaa chumbani, chini ya kitanda, zisiibiwe. Koti la kupigia dawa dada alilifua kwenye beseni moja na kanga zake. Na yeye mwenyewe alikuwa anaingia kupunguza machipukizi na kufunga miche kwenye mambo kesho yake tu baada ya kupiga. Mimi nilikaa pale wiki tano na niliyaona yote hayo. Sikusema neno, kwa sababu nimekulia humo na macho yangu yalikuwa yameshazoea.

Nilimjibu dada kwamba sijui, nitatafuta. Niliporudi chuoni nikaenda maktaba. Sio kwa ajili ya mtihani, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu.

Kitu cha kwanza nilichokutana nacho kilinivua nguo. Zile rangi za kwenye lebo zinatokana na madaraja ya Shirika la Afya Duniani, na madaraja hayo yanapima sumu ya papo kwa papo, yaani kiasi gani cha dawa kinaweza kumuua panya wa maabara. Basi. Hayasemi lolote kuhusu kiasi kidogo kidogo kinachoingia kwa mama mjamzito wiki baada ya wiki. Ile mankozebu yangu ya kijani ambayo "haina shida kabisa" Umoja wa Ulaya ulikataa kuiongezea kibali mwishoni mwa mwaka 2020. Ikivunjikavunjika inatoa kitu kinaitwa ETU ambacho kinaingilia tezi ya shingoni, ile inayotengeneza homoni ambazo ubongo wa mtoto tumboni unazitegemea. Kule Kosta Rika, wilaya ya Matina, ambako ndege zinamwaga mankozebu juu ya migomba, watafiti walipima mkojo wa mama wajawazito na wakakuta kadiri nyumba ilivyo karibu na shamba ndivyo ETU inavyokuwa nyingi. Hao wa karibu wengine hawakuwa wakishika dawa kabisa. Walikuwa wanaishi tu pale.

Nikasoma tena hiyo sentensi. Walikuwa wanaishi tu pale.

Profenofosi nayo iko kwenye ukoo wa organofosfeti. Hizi zinaua mdudu kwa kuzuia kimeng'enya kinachozima ujumbe kwenye neva. Ujumbe ukishatumwa hauzimiki, mdudu anatetemeka hadi anakufa. Shida ni kwamba na sisi tuna kimeng'enya hicho hicho. Mtu mzima ana kinga kidogo, damu yake ina kimeng'enya kingine kinachosaidia kuvunja baadhi ya sumu za ukoo huo. Lakini watoto wachanga wanacho kidogo sana, katika utafiti mmoja wa California ilikuwa kwa wastani mara nne chini ya mama zao. Na kondo la nyuma ambalo tunadhani ni ukuta, kwa sumu hizi ni kama chandarua chenye matundu.

Huo utafiti wa California unaitwa CHAMACOS, neno wanalotumia watu wa Meksiko kwa watoto wadogo. Ulianza 1999 katika Bonde la Salinas, ambako wanalima saladi na stroberi, wakawaandikisha mama wajawazito kama 600, wengi wao familia za vibarua wa mashambani. Mama waliokuwa na dalili za organofosfeti nyingi mwilini, hasa miezi ya mwisho ya mimba, walielekea kujifungua mapema kidogo. Na watoto walipofika miaka 7, wale ambao mama zao walikuwa fungu la juu kabisa walipitwa pointi kama 7 za kipimo cha akili na wale wa fungu la chini. Hiyo ilichapishwa 2011.

Hapo nilifunga kompyuta nikaenda kukaa nje kwenye vimbweta. Milima ya Uluguru ilikuwa imejifunika ukungu. Nikawaza ile miezi ya mwisho ya mimba ya dada, Januari na Februari, mvua, bakajani kila mahali, na shemeji anapiga kila siku tano kama mtaalamu alivyomwelekeza.

Lakini kesho yake nilirudi nikaendelea, na nashukuru nilirudi, kwa sababu ningeishia pale ningempelekea dada uongo wa aina nyingine.

Kuna utafiti mkubwa zaidi wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, ulitoka 2017. Kule California kila mkulima lazima aripoti dawa anayopiga, wapi na kiasi gani, sheria hiyo ipo toka 1990. Basi watafiti wakachukua kumbukumbu za vizazi zaidi ya 500,000 vya Bonde la San Joaquin, 1997 hadi 2011, wakavilinganisha na dawa zilizopigwa karibu na nyumba ya kila mama. Matokeo? Kwa mama wengi hawakuona tofauti ya maana. Tofauti ilijitokeza kwa asilimia 5 ya juu kabisa, wale waliozungukwa na dawa nyingi mno. Kwao uwezekano wa mtoto kuzaliwa na matatizo, kama vile kuwahi au kuwa na uzito mdogo, ulipanda kwa asilimia 5 hadi 9.

Yaani kama kati ya mama 100 kumi wangejifungua njiti hata hivyo, sasa wanakuwa kumi na moja, hivi. Huyo mmoja hana alama usoni. Hakuna daktari anayeweza kumshika mtoto akasema huyu ni wa dawa na yule ni wa malaria. Na dada yangu aliumwa malaria mwezi wa kumi na mbili. Kliniki alianza kwenda mimba ina miezi mitano, damu ilikuwa chini, vidonge vya kuongeza damu alivinywa siku mbili akaviacha kwa sababu vinamtapisha. Alikuwa anabeba ndoo kichwani hadi wiki ya mwisho. Yote hayo yanaweza kumleta mtoto mapema. Yanaweza pia kushikana mikono.

Mwezi wa nne nikarudi nyumbani. Mtoto alikuwa katoka hospitali, kanenepa kidogo mashavuni. Nikamwambia dada ukweli wote kama nilivyowaambia nyie, na nikamalizia na ule mgumu. "Dada, siwezi kusema ni dawa, na siwezi kusema sio dawa. Lakini mimi ndiye niliyemwambia shemeji apige kila siku tano. Na nilimwambia ile ya kijani haina shida. Sikuwa najua."

Alinyamaza muda mrefu, ananyonyesha. Halafu akasema, "Kumbe hata nyie mnasoma hamjui." Wala hakusema kwa hasira. Nadhani ningependelea angenifokea.

Kazi ilikuwa kwa shemeji. Unamwambiaje mwanaume kwamba kinacholisha nyumba yake huenda kinaumiza nyumba yake? Halafu unamwambiaje wewe ambaye matenga yake yamekununulia kompyuta? Nilianza kwa kuzunguka zunguka, hali ya hewa, bei ya tenga, mwishoni akanikata: "Shemeji, sema."

Nikasema. Akasikiliza hadi mwisho. Kisha akaniambia kitu ambacho hakuna aliyenifundisha darasani. "Shemeji, mimi nikimaliza kupiga kichwa kinaniuma hadi asubuhi. Macho yanatoa machozi. Miaka yote. Nilikuwa najua ndo kazi yenyewe." Baadaye nikakuta imeandikwa: katika utafiti wa wakulima wadogo wa mboga kaskazini mwa Tanzania uliochapishwa 2007, asilimia 68 walisema wamewahi kujisikia wagonjwa baada ya kupiga dawa kawaida tu. Kumbe ni wengi hivyo, na kila mmoja anadhani ndo kazi yenyewe.

Na tazama na lugha yetu inavyotuzunguka. Tunaiita dawa. Vitabu vinasema viuatilifu, lakini nani kijijini anasema viuatilifu? Ni dawa. Mtoto akiumwa anapewa dawa, nyanya ikiumwa inapewa dawa. Na dawa ukiongeza si unapona haraka?

Basi tukakaa siku mbili tukapanga. Sikumwambia aache, maana hataacha na asingekuwa na haki ya kuacha watoto wale nini. Tulifanya haya:

Solo na chupa zimetoka chini ya kitanda. Zipo kwenye kibanda cha bati upande wa pili wa shamba, na kufuli. Pipa la kuchanganyia limehamia huko huko. Halichotewi maji ya nyumbani tena.

Anapiga asubuhi mapema upepo ukiwa umelala, sio saa tisa. Siku akipiga, nguo zinaanuliwa, madirisha yanafungwa, dada na mtoto wanashinda kwa mama.

Koti na suruali ya dawa vinavuliwa kibandani, vinafuliwa peke yake, anavifua mwenyewe. (Hapo mama alicheka mpaka akakaa chini. Mkwe wake kufua!) Anaoga kabla ya kumbeba mtoto.

Mistari minne ya nyanya iliyokuwa karibu na jiko tumeing'oa, tumepanda mahindi manene kama ukuta. Najua mahindi hayazuii kila kitu. Kule California toka Januari 2018 kuna aina za upuliziaji zimekatazwa kabisa ndani ya kama mita 400 kutoka shule na vituo vya watoto, saa za masomo. Shamba lote la shemeji halifiki mita 400. Tumefanya tulichoweza.

Na la mwisho, nimemnunulia mitego ya harufu ya kunasa nondo dume wa kantangaze. Anahesabu kila asubuhi na kuandika kwenye daftari la zamani la mtoto wa jirani. Wakiwa wachache hapigi. Majani yenye michoro anayachuma na kuyafukia. Profenofosi ameachana nayo. Mwezi wa tano wote kapiga mara mbili. Nilimtegemea angenilaumu kama nyanya zingeharibika, na kweli alipoteza kama matenga manane mwanzoni. Hakusema kitu. Nilisema mimi, akanijibu, "Dawa nazo zilikuwa za bure?"

Sijawaandikia haya ili mama mjamzito anayesoma aanze kulia. Wengi wanaishi karibu na mashamba na wanazaa watoto wazima wa kilo tatu na nusu. Kama wewe ni mjamzito na shamba liko dirishani, wahi kliniki, meza zile za kuongeza damu hata kama zinachefua, lala ndani ya chandarua, na hiyo siku ya kupiga dawa kaa mbali. Na kama wewe ni mwanachuo mwenzangu wa kilimo unayerudi likizo kijijini kujifanya mtaalamu, tafadhali hesabu wadudu kwanza. Halafu angalia nani anaanika nguo upande wa upepo.

Kuhusu mpwa wangu, sijui akifika miaka 7 atakuwaje. Hakuna atakayejua kama angekuwa vingine. Nitamfundisha hesabu mimi mwenyewe.

Juzi nikiwa kwenye foleni ya chakula simu ikaingia ujumbe. Shemeji. Kwanza alikuwa anauliza kama mvua ikinyesha saa mbili baada ya kupiga inabidi arudie. Nikamjibu asirudie, ahesabu mitego. Baada ya dakika kama tano ukaja mwingine, wa dada kwa simu ile ile: "Kliniki leo. Kilo 4 na gramu 600. Kadi iko kwenye kijani. Hii kijani nayo tuiamini?"

Nilicheka peke yangu pale foleni hadi mpishi akaniuliza kama naumwa.

Haya wadau, mitihani inakaribia, nirudi kwenye daftari. Tuonane nikipata nafasi. Alamsiki.